Seremala Aliyekatazwa

Turffontein iko kusini mwa katikati ya jiji la Johannesburg, ng'ambo ya ule mstari wa migodi ya kale uliolizaa jiji lenyewe. Katika nyumba moja huko, yenye paa la bati na dari ya bati iliyopigwa chapa ya maua, limesimama kabati la Kichina la mti mgumu, refu kuliko mtu mzima, jekundu linaloelekea weusi. Milango yake miwili imechongwa majoka yanayopita mawinguni. Magamba ya majoka hayo unaweza kuyahesabu kwa kidole, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililochongwa kwa haraka.

Wapangaji wa nyumba hiyo ni familia iliyotoka Lubumbashi. "Tuliikuta humu, baba," mama wa familia hiyo aliniambia kwa Kiswahili chao cha Katanga. "Bale ba mbele balishindwa kuibeba." Ndani amepanga vitenge, mashuka ya wageni, sare za shule za watoto, na katika droo yenye kufuli ameweka mfuko wa plastiki wenye vibali vya familia vya kuishi nchini. Katika nyumba ya tajiri wa Sandton kabati kama hili lingewekewa taa yake na kuachwa tupu. Hapa linafanya kazi lililotengenezewa, kutunza mali ya watu wanaoishi nalo, nami nililiheshimu zaidi kwa sababu hiyo.

Lakini huwezi kusimama na kabati la Kichina mahali hapa pasipo kukumbuka historia ya mahali penyewe. Johannesburg ilianzishwa mwaka 1886, na mwaka mmoja tu baadaye, 1887, Turffontein ikapata uwanja wake wa mbio za farasi, ambao upo hadi leo. Katika vita vya 1899 hadi 1902 kati ya Waingereza na Makaburu, uwanja huo uligeuzwa kambi ya kuwafungia wanawake na watoto wa Makaburu waliotolewa mashambani mwao. Wengi walikufa humo kwa maradhi. Vita vilipokwisha, farasi wakarudi uwanjani, na wenye migodi ya dhahabu, waliokuwa na haraka ya kufidia miaka iliyopotea, wakajikuta hawana watu wa kutosha wa kuteremka chini. Waafrika wengi waliukataa ujira uliokuwa umepunguzwa. Ndipo wenye migodi wakageukia China.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Transvaal, koloni lenye Johannesburg ndani yake, ilipitisha sheria ya kuingiza vibarua. Meli ya kwanza, Tweeddale, iliingia Durban mwezi Juni mwaka huo. Uandikishaji ulipokoma walikuwa wameletwa wanaume 63,695, wengi wao wakiwa watu wa Shandong na Zhili, kaskazini mwa China. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu. Waliishi katika kompaundi za migodi, hawakutoka bila pasi, hawakuruhusiwa kumiliki ardhi wala kufungua duka, na mkataba ukiisha ilikuwa lazima warudishwe kwao. Huko Uingereza jambo hili lilipigiwa kelele kama utumwa mpya na likatikisa uchaguzi wa 1906. Kufikia mapema 1910 karibu wote walikuwa wamekwisha ondolewa.

Sheria ile iliambatishwa orodha ya kazi ambazo Mchina alikatazwa kuzifanya, ili zibaki mikononi mwa wazungu. Ni orodha ndefu, imepangwa kwa alfabeti. Yumo mhunzi, yumo mwashi, yumo fundi umeme. Na yumo seremala. Ametajwa seremala, ametajwa fundi wa kuunga mbao, ametajwa tena seremala wa mgodini, na hata mtu wa kuendesha mashine za mbao hakusahauliwa. Kila nikiisoma orodha ile nasimama hapo.

Katika vijiji vya kaskazini mwa China kila ukoo ulihitaji mtu wa kutengeneza jembe, toroli, jeneza, na kasha la bibi arusi. Haiwezekani kwamba katika wanaume elfu sitini na tatu hawakuwamo mafundi wa patasi na randa. Walikuwamo, tena wengi. Walipewa nyundo na tindo la kutobolea mwamba, wakateremshwa gizani, na kile walichokuwa wamefundishwa na baba zao kikawa kitu kilichokatazwa juu ya ardhi ya Transvaal. Mtu akikatazwa kutumia mikono yake namna hiyo, kinachopotea si ujira wake tu. Johannesburg ingeweza kuwa na mtaa wa maseremala wa Kichina, wenye wanafunzi wa kila rangi na vitu vilivyotengenezwa kwa miti ya hapa hapa. Haikuwa nao, kwa sababu iliandikwa kwamba isiwe nao.

Wachina waliokuja kwa hiari yao, wengi kutoka Guangdong, walikuwa wachache, na wao pia walibanwa. Sheria ya tangu 1885 iliwazuia watu wa Asia kumiliki ardhi huko Transvaal. Waliishi na kuuza bidhaa upande wa magharibi wa mtaa wa Commissioner, na walipolazimishwa mwaka 1907 kuandikishwa kwa alama za vidole, wakiongozwa na Leung Quinn walisimama pamoja na Gandhi na Wahindi wakakataa, wakafungwa. Baadaye ikaja Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950. Turffontein ilikuwa mtaa wa wazungu, wengi wao wafanyakazi wa migodi, reli na viwanda. Kwa miaka mingi chini ya sheria hiyo Mchina hakuweza kuingia katika nyumba kama hii kama mwenye nyumba. Kabati la Kichina liliweza.

Hili ndilo jambo linalonikaa rohoni. Binadamu amejifunza tangu zamani kuipenda kazi na kumkataa mfanyakazi, na hakuna mahali linapoonekana wazi zaidi kuliko katika fanicha ya kale, kwa kuwa fanicha hukaa sebuleni ikisifiwa karne nzima huku aliyeitengeneza hana hata jina. Na hili la jina ni la kweli kabisa: fanicha za Kichina za kale ni nadra mno kuwa na sahihi ya fundi au tarehe. Mchoraji wa China aligonga muhuri wake juu ya karatasi, mwandishi wa hati nzuri vilevile, lakini seremala alikabidhi kazi na kuondoka.

Basi na tumtazame kwa kazi yake, kwa kuwa ndiyo pekee aliyotuachia.

China haikuwa na miti migumu ya kutosha ya namna hii. Mwaka 1567, katika utawala wa nasaba ya Ming, lilipoondolewa katazo la biashara ya baharini, magogo yakaanza kuingia kwa wingi zaidi kutoka kusini: mti mzito wa India, wenye rangi ya zambarau, wanaouita zitan, na baadaye miti ya jamii ya Dalbergia kutoka nchi za Siam, Laos na Vietnam. Huanghuali, mti wa rangi ya asali wenye mistari inayozunguka, ulitoka kisiwa chao cha Hainan. Miti hii ni migumu kiasi kwamba patasi ya fundi asiye makini huteleza au kukatika ncha, lakini kwa fundi hodari inashika umbo jembamba bila kuvunjika. Ndiyo sababu maumbo yale membamba ya Ming yaliwezekana. Siku hizi miti yote hiyo huingizwa katika jina moja, hongmu.

Kabati la Turffontein si la Ming. Kwa unene wa mti wake na kwa nakshi zilizoinuka juu ya ubao, ni kazi ya mtindo wa Guangzhou wa zama za mwisho za nasaba ya Qing. Mafundi wa Suzhou walikuwa wabanaji wa mti, wakiunga vipande vidogo kwa ustadi. Wa Guangzhou, waliokaa karibu na bandari ambako magogo yalishushwa, walitumia mti kwa ukarimu na kuchonga kwa kina. Wataalamu wengi huwashusha daraja kwa ajili hiyo. Wang Shixiang, mwanachuoni wa Beijing aliyefariki mwaka 2009 na ambaye vitabu vyake viliisaidia sana dunia kuijua fanicha ya Kichina, aliorodhesha sifa 16 na kasoro 8 za fanicha, na mojawapo ya kasoro hizo ni wingi wa nakshi. Namheshimu sana mzee yule. Lakini mbele ya milango hii ya majoka siwezi kuafikiana naye kikamilifu. Utulivu wa Ming ni uzuri wa mtu aliyeshiba. Nakshi za Guangzhou ni za mafundi waliolipwa kuonyesha kila walichojua, nao wakakionyesha.

Tuache nakshi, tuangalie mifupa yake. Mbao zake hazikushikwa kwa misumari. Ncha ya kila mhimili imechongwa ulimi unaoingia katika tundu la mwenzake, na pembeni miti miwili imekatwa mshazari ili mshono ujifiche. Ubao wa mlango haukugundishwa kabisa. Kingo zake zimepunguzwa unene na kuchomekwa katika mfereji uliochimbwa ndani ya fremu, ukaachwa huru. Hapo ndipo penye akili yote. Mti haufi ukikatwa. Unaendelea kuvuta unyevu na kuutoa miaka yote. Hewa ya Guangzhou ni nzito kwa unyevu, na Johannesburg iko juu ya uwanda wenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, ambako majira ya baridi hupita bila mvua na ngozi ya mdomo hupasuka. Ubao uliobanwa kwa gundi na misumari ungekuwa umepasuka katika baridi ya kwanza. Huu ulisinyaa ndani ya mfereji wake, ukaacha mstari mwembamba usiong'arishwa pembeni, na mvua za Oktoba zilipokuja ukatanuka tena na kuufunika. Fundi ambaye hakuwahi kusikia jina la Johannesburg aliutengeneza mlango ukaweza kuishi Johannesburg.

Katikati ya milango miwili kuna nguzo nyembamba inayochomoleka. Pete tatu za shaba nyeupe, moja kwenye kila mlango na moja kwenye nguzo, hupangana ili kufuli moja lipite katika zote. Ukitaka kuingiza bunda kubwa la nguo, unaichomoa nguzo na kabati lote linakuwa wazi mbele yako. Chini, nyuma ya ubao usiofunguka, pana nafasi ambayo huifikii mpaka uinue rafu ya mwisho. Mama yule hakuwa ameijua. Niliipapasa kwa sababu makasha ya Zanzibar nayo huwa na siri zake, na mtu aliyekulia karibu na makasha yale hujifunza kutoamini kina anachokiona. Tulipoiinua rafu hatukukuta kitu ila vumbi, lakini watoto walifurahi siku nzima, na jioni ile mfuko wa vibali ulihamishiwa huko chini.

Kabati kama hili halikutengenezwa peke yake. Yalitengenezwa mawili mawili, na katika nyumba za wenye uwezo yaliandamana na bibi arusi kutoka kwao hadi kwa mumewe, yakibebwa mabegani barabarani ili majirani waone. Mwenzake wa hili yuko wapi? Jozi nyingi zilitenganishwa na wafanyabiashara, kwa kuwa makabati mawili yaliyouzwa mbalimbali huwapata wanunuzi upesi zaidi. Huo nauita ukatili mdogo wa biashara ya vitu vya kale. Ukatili mkubwa zaidi ni kulivunja kabati halisi na kuunda mawili, kila moja nusu la kale na nusu la juzi, yakapakwa rangi moja ya kuficha. Anayenunua achomoe droo, aipindue, aangalie chini. Pale ambapo mkono wa fundi haukudhani utaonekana, ndipo unapoonekana.

Sisi wa pwani hatukuwa watu wa kabati. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate ukuta wenyewe ndio uliotunza: zidaka zilizopangwa safu juu ya safu, zikiwekwa sahani na mabakuli ya Kichina yaliyoletwa na bahari tangu zama za kale, yale yale ambayo mengine yalipachikwa katika makaburi ya nguzo kama ya Kunduchi. Nguo na dhahabu na hati zilikaa katika kasha. Makasha ya fahari yalikuja na jahazi za kaskazi kutoka Surat, Bombay na Malabar, yakiwa yamepigwa misumari ya shaba kwa mapambo, yana droo tatu chini na vishikio pembeni. Ni chombo cha watu waliojua kwamba huenda wakasafiri. Kasha la kafuri la Kichina, lililochongwa mashua na mianzi kila upande, lilikuja baadaye kidogo, likipitia Hong Kong na Singapore. Harufu yake hufukuza nondo. Kwa Mwislamu wa pwani harufu hiyo ina uzito wa namna nyingine pia, kwani kafuri ndiyo inayotiwa katika maji ya mwisho ya kumwosha maiti. Nimeona bibi mmoja akiinama juu ya kasha la namna hiyo kutoa kanga, akanyamaza kwanza, akasoma kitu kwa midomo, ndipo akainua nguo.

Makasha mengi ya India yalitengenezwa kwa msaji, lakini yale ya thamani ya juu yalikuwa ya shishamu. Shishamu ni Dalbergia. Miti ya makabati ya Guangzhou mingi ni Dalbergia. Na mpingo wetu, unaoota Lindi na Kilwa, ambao Wamakonde waliuchonga na Wazungu wakautengenezea klarineti na zumari zao, ni Dalbergia pia: Dalbergia melanoxylon. Kasha la arusi la Zanzibar, kabati la majoka la Turffontein na kinyago cha ujamaa cha Mmakonde ni ndugu wa damu. Jambo hili lilinipendeza nilipoligundua, na kwa muda lilinitosha. Kisha nikafuatilia ndugu hawa wanaelekea wapi.

Mwaka 2000 serikali ya China ilitoa kiwango rasmi cha kueleza ni miti gani inaruhusiwa kuitwa hongmu. Aina 33 zilitajwa, na mpingo ulikuwa mmojawapo. Wakati huo tabaka jipya la matajiri lilikuwa limeanza kutaka tena fanicha za mababu, misitu ya Siam na Laos ilikuwa imepungua, na wanunuzi wakaja Afrika. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, likawapa watu wa kusini mwa Tanzania barabara waliyoililia miaka mingi, na likayapa magogo njia. Ripoti iliyotolewa mwaka 2007 na TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ilionyesha kwamba China iliandika kupokea kutoka Tanzania mbao mara kumi ya zile ambazo Tanzania iliandika kuzituma. Mara kumi. Yaani kwa kila gogo lililolipiwa ushuru, tisa yalipita usiku.

Baada ya mpingo ikaja zamu ya mti mwingine, ambao Tanzania huitwa mkurungu, na Zambia na Katanga huitwa mukula. Mume wa mama yule wa Turffontein aliyaona malori yake kwa macho yake, yakielekea mpaka wa Kasumbalesa, magogo yakiwa yamekatwa mafupi mafupi, mekundu ndani. Hakuwahi kuona kiti kimoja kilichotengenezwa kwa mti huo kikirudi. Alinisimulia hayo akiwa ameegemea kabati la Kichina, mkono wake juu ya joka, bila kuuunganisha mti huu na ule. Wala sikumwunganishia. Nilitamani, lakini alikuwa akizungumzia kwao, na mtu akizungumzia kwao anasikilizwa.

Na tazama mahali ambapo dunia ilikutana kulizungumza jambo hili. Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2016, wajumbe wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, walikutana Sandton, kaskazini mwa jiji hili hili. Magazeti yalijaa habari za tembo na faru. Lakini uamuzi uliogusa biashara kubwa kabisa ulikuwa wa miti: karibu jamii nzima ya Dalbergia, yenye aina takriban 300, iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili, ambacho hudai kibali kwa mizigo mingi inayovuka mpaka. Ulianza kutumika tarehe 2 Januari 2017. Mkurungu ukafuata mwaka 2019. Kwa hiyo kabati la Turffontein, zee kama lilivyo, likitaka leo kuvuka mpaka kwenda Lubumbashi na wenyewe, huenda likahitaji karatasi kama wao wanavyohitaji.

Vibali ni jambo jema, nami nauunga mkono uamuzi ule. Lakini haujajibu swali la orodha ya 1904. Dunia imeweka sheria kuhusu gogo linavyosafiri. Haijajiuliza kwa nini linasafiri peke yake, bila seremala. Wachongaji wapo. Nenda Keko, Dar es Salaam, uone vijana wanavyochonga kitanda cha mninga juu ya vumbi la barabara, kivulini mwa turubai. Nenda Ngong Road au Gikomba, Nairobi. Nenda mtaa wa Gizenga, Zanzibar, uone makasha mapya yakipigwa shaba. Hao hawakukatazwa na sheria yoyote. Wanakatazwa na bei: kontena moja la makabati ya MDF, yaani ubao wa nyuzi za mti zilizogandishwa, yaliyobandikwa karatasi yenye sura ya mbao, hushusha bei ya sokoni kuliko fundi anavyoweza kushusha akala. Nao mpingo wenyewe, mti wa nyumbani, hupita mbele yao kwenda kuchongwa majoka kwingine, kwa kuwa fundi wa Keko hawezi kuununua.

Kuna mahali pamoja ambapo mambo yalijaribiwa kinyume. Huko Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipewa haki ya kusimamia msitu wao wenyewe, na mwaka 2009, kupitia shirika la kuhifadhi mpingo la huko, vikapata cheti cha FSC kinachothibitisha kwamba miti inavunwa kwa kiasi. Vilikuwa vya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaomilikiwa na wanakijiji. Kijiji kikaanza kulipwa kwa mti mmoja fedha ambazo zamani hakikuziona kwa shehena nzima. Ni mwanzo mzuri, na ulihusu gogo. Hatua iliyobaki ni ya patasi: vyuo vyetu vya ufundi vifundishe kuunga mti bila msumari, kuacha ubao huru ndani ya fremu, kukausha mbao kabla ya kuzikata. Mambo haya si siri ya Wachina. Wajenzi wa majahazi na wachonga milango wa Lamu wanayajua yaliyo jirani yake. Yanahitaji muda, na muda unahitaji mnunuzi mwenye subira.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, uwe Turffontein, Mombasa, Muscat au Minneapolis. Ikiwa nyumbani kwenu kuna kasha au kabati la kale, la China, la Surat au la Lamu, usilipake vanishi mpya wala usilisugue kwa msasa. Lifute kwa kitambaa kikavu, liondoe dirishani jua lisilipige, na muulize mkubwa wa nyumba limetoka wapi kabla hajaondoka na jibu. Na ukihitaji jipya, nenda kwa fundi. Mwulize mti umekatwa msitu gani na kwa kibali cha nani. Usimkimbize. Lipa anachostahili. Siku ya kuchukua mzigo wako mpe kalamu, mwambie aandike jina lake kamili na mwaka chini ya droo.